Kitambaa Kilichofuliwa

Saa sita kasorobo, Rufus alimwambia Denise Thackray neno ambalo wapiga ngoma hulisikia kama hukumu: "Pumzika kidogo."

Denise alielewa. Studio ile, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha sufu hapo Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa imekodiwa mpaka saa sita mchana. Magitaa ya albamu nzima yalikwisha kurekodiwa. Ngoma alizopiga yeye wiki nzima hazikumridhisha mtu. Wimbo huu wa mwisho nao ukigoma, Rufus angetumia ngoma za kompyuta kwenye nyimbo zote kumi, na Denise angebaki kwenye picha ya jalada tu.

"Shida si wewe, dada Denise," alisema Rufus, prodyuza kijana kutoka London. "Ni mlio. Watu wameisubiri hii bendi miaka ishirini na saba. Wanataka ule mlio wa albamu ya kwanza, ule 'tup'. Mimi napata 'pah'."

"Pah mwenyewe."

Clive Illingworth, mwimbaji, alikuwa dirishani akitazama mvua, kikombe mkononi. Hakumtetea. Hilo lilimchoma Denise kuliko ile 'pah'.

Alikuwa amezaliwa mitaa mitatu kutoka hapo, mtoto wa mfumaji, na mapigo aliyajifunza kwenye mashine za mama yake kabla hajajua kusoma. Akiwa na miaka ishirini na tatu alizunguka Ulaya na Clive ndani ya gari lenye paa linalovuja. Bendi yao, Shuttle, ilivunjikia kwenye maegesho ya magari huko Ghent, Ubelgiji, kwa ugomvi ambao kila mmoja husimulia vyake. Tangu hapo Denise alipika shuleni: viazi vya watoto mia tatu, siku tano kwa wiki. Alikuwa akichuja njegere Clive alipompigia simu mwaka jana. "Dee, turudi?" Siku ya tatu aliandika barua ya kuacha kazi. Jikoni kwake sasa alikuwepo mtu mwingine.

Aliinamia ngoma ndogo iliyo mbele ya magoti yake. Juu yake kilitandazwa kitambaa cha kukaushia vyombo, chenye picha ya mnara wa taa wa mji wa pwani wa Whitby. Wapiga ngoma wa rika lake wote hufanya hivyo ili kuua mwangwi. Hiki ndicho alichokitumia kwenye albamu ya kwanza, na hakikuwahi kuguswa na sabuni, kwa kuwa bahati haifuliwi. Mwezi uliopita dada yake, Pauline, alikikuta ndani ya sanduku la ngoma, kimekakamaa na kunuka. Akakifua, akakitia dawa ya kulainisha, akakipiga pasi.

"Pauline amenimaliza," Denise alisema.

Clive akageuka. "Amefanya nini?"

"Amekifua."

"Kitambaa cha Whitby? Si kilikuwa na chai yangu mle!"

"Chai gani?"

"Acha masihara, Dee. Ile niliyoimwaga tukirekodi albamu ya kwanza. Ulinitukana mpaka bibi yangu kaburini. Nikakwambia tafuta kingine, ukagoma, ukapiga hivyo hivyo kimelowa, umefura kama nyoka."

Denise alikipapasa kile kitambaa laini. Miaka yote aliwaambia waandishi wa habari kwamba siri ni kitambaa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini chai ya Clive ilizoleka, ikakaa humo miaka thelathini.

"Lete hicho kikombe."

Clive alikifunika kwa kiganja. "Kina sukari vijiko vitatu. Daktari amenikataza. Mke wangu asijue."

"Nitamweleza mwenyewe kama hukileti."

Clive akampa, Denise akamimina. Chai ilimeza mnara wa taa.

"Maikrofoni zangu!" Rufus alipiga kelele kutoka nyuma ya kioo.

"Tulia, mwanangu. Na wewe Clive, kaa hapa mbele yangu. Siwezi kupigia mtu aliyejificha dirishani."

"Sauti zitaingiliana," alisema Rufus. "Akiimba humo humo, sitaweza kutenganisha ngoma na—"

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika kumi na mbili."

"Basi washa."

Denise aligonga fimbo mara nne. Pigo la kwanza likaanguka zito, fupi, kama mlango wa kiwanda. Tup. Nyuma ya kioo, Rufus aliacha kugusa vitufe vyake. Clive alisimama kinywa wazi, akitazama kile kitambaa, na mahali pake pa kuanza kuimba pakampita.

"Ingia, fala wewe!" Denise alimfokea bila kukosa pigo.

Clive akaingia. Sauti yake ilitetemeka kwenye mstari wa kwanza, ikapata miguu kwenye wa pili. Hawakusimama mpaka mwisho.

Ilibaki dakika saba. Rufus alisikiliza tena, kichwa chini, kisha akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Kuna tatizo. Lile tusi limo kwenye kila maikrofoni. Nikiondoa ngoma zako nabaki na tusi. Nikiondoa tusi, ngoma zinaondoka nalo."

Denise alimtazama Clive. Clive, safari hii, hakugeukia dirisha.

"Usiondoe kitu," Clive alisema. "Na zile tisa anapiga upya, zote. Kodi siku nyingine. Mimi nakwenda kuleta sukari."