Waziri wa Wageni

Koo lilipopasuliwa, mwalimu alitoka hospitali na uhai wake. Sauti ikabaki huko huko. Shule nayo ikampa mkono wa kwaheri. Mdogo wake, aliyemchukua wakae pamoja, alimwekea mchezo wa vita kwenye simu, angalau apunguze mawazo.

Kumbe mle ndani kuna nchi nzima nzima zinazotawaliwa na wachezaji wenyewe: rais, majenerali, mawaziri. Haukupita muda wakamchagua kuwa Waziri wa Elimu. Kazi yake ikawa kuwapokea wageni, wachezaji wapya kila mmoja na kijiji chake, na kuwafundisha kwa maandishi: lima kwanza, jeshi baadaye, usimchokoze jirani usiyemjua. Mmoja aliyejiita Kifaranga alikuwa haishi maswali. "Mwalimu, eti ukuta nao unalishwa?" Mwalimu akacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

Mara nchi jirani ikavamia. Rais akamwandikia: "Waambie wageni wapeleke askari wao wote mpakani, wamcheleweshe adui."

"Watakwisha wote. Hata ukuta hawajajua kuujenga."

"Watakuja wengine."

Akakataa. Papo hapo akavuliwa uwaziri, na ukumbi wa wageni, alimokuwa akiwafundishia, akafungiwa asiweze kuandika humo.

Mdogo wake alikuwa akimenya vitunguu. "Dada, mbona unatetemeka? Si mchezo tu huo?"

Alifumbua kinywa amkaripie. Ikatoka pumzi ya kukwaruza, basi. Machozi yakamlenga, na hayakuwa ya vitunguu.

Akajisajili upya kwa jina jingine, kama mgeni. Ukumbi ukafunguka. Akaandika mbio mbio, vidole vikigongana: "Kifaranga, rudisha askari wako nyumbani. Ni mimi, mwalimu wako!"

"Mwalimu katukimbia," Kifaranga akajibu. "Waziri mpya katuambia. Tena kasema tusiwasikilize majasusi."

"Nakuomba, mwanangu."

"Mwalimu hakuwahi kuniita hivyo."

Kweli, hakuwahi. Akatafuta neno alilokuwa akimwita, akili ikagoma. Kwenye ramani vijiji vya wageni vikaanza kuzimika, kimoja hiki, kingine kile, hadi cha Kifaranga.

"Dada, njoo ule," mdogo wake akasema, safari hii kwa upole.

Hakuinuka. Alikuwa akibonyeza pale palipokuwa na kijiji, na kila akibonyeza, kioo kinamwandikia: ardhi tupu.