Nilimficha Mke Wangu Miwani Aliyopewa Baada ya Kupasuliwa Jicho

(Barua hii imetufikia kutoka kwa msomaji wetu wa upande wa Newala. Jina lake tumelihifadhi kama alivyotuomba.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mkulima wa mihogo na mikorosho, nimesoma mpaka darasa la nne. Nina mke na watoto wawili. Mke wangu nitamwita Mama Asha, ingawa si jina lake. Haya ninayoandika hata mama yangu mzazi hayajui.

Mama Asha alikuwa na jicho moja tu. La kushoto liliharibiwa na ndui akiwa mtoto. Mwaka juzi alikuwa anapasua kuni, kipande kikaruka kikampiga jicho hilo hilo lililobaki. Tulidhani litapoa. Baada ya siku chache likawa jekundu, kichwa kikamuuma mpaka anatapika, akawa haoni ila mwanga. Tukampeleka hospitali ya misheni, kule chini upande wa Masasi. Daktari Mzungu akammulika, akatueleza kwamba ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo, kinaitwa lenzi, na cha mke wangu kimeng'oka mahali pake kikaja mbele. "Tusipokitoa, jicho linakufa," alisema.

Wakamtoa ile lenzi, na jicho likapona. Hilo nashukuru. Lakini siku kumi alilala chali, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku asigeuze kichwa, hata kukohoa amekatazwa. Sisi tuliosindikiza wagonjwa tulikaa nje kwenye banda la kupikia, tunaruhusiwa kuingia alasiri kidogo tu. Aliyemlisha uji kwa kijiko na kumfuta uso ni dresa mmoja, yaani mfunga vidonda wa hospitali, kijana mrefu wa Chiwata, mwenye sauti ya taratibu. Kila nikiingia namkuta mke wangu anacheka kwa midomo tu, maana hakuruhusiwa kutikisika. Nikimuuliza anacheka nini, ananijibu, "Aa, huyu dresa na maneno yake." Miaka tisa ya ndoa, mimi sijawahi kumchekesha hivyo.

Siku ya kufunguliwa bendeji nilikuwa nimekwenda kutafuta kuni. Niliporudi nikaambiwa ameshaona. Ameona nini? Vidole vya dresa, alivyomwinulia avihesabu.

Kwa kuwa lenzi imetolewa, jicho lile haliwezi kuona sawasawa bila miwani minene kama kitako cha chupa. Miwani ilikuja baada ya miezi miwili, tukaitwa. Dresa ndiye aliyemvisha. Mama Asha akamtazama, akasema, "Kumbe ndiye wewe!" Halafu akanigeukia mimi, akanitazama kitambo. "Baba Asha, mbona umezeeka?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Nyumbani ikawa dresa kasema hivi, dresa kasema vile. Alimpa kitabu cha kujifunzia kusoma, eti herufi zitalizoesha jicho. Mke wangu akawa anakaa barazani na ba, be, bi zake, na siku ya kwenda kuangaliwa jicho anavaa kanga mpya. Kitabu kile nilikichukia kama nyoka.

Asubuhi moja alipokuwa anaoga, nikaichukua miwani pale juu ya mkeka, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaichomeka katikati ya nyasi za paa la banda la kuku. Alipotoka akaanza kupapasa. "Baba Asha, hujaiona miwani yangu?" Nikapiga magoti nikatafuta naye. Wasomaji, nilitafuta! Niliinua mpaka vinu.

Nitasema ukweli wote. Wiki zile za mwanzo nilifurahi. Alirudi kunishika mkono. Aliniuliza mimi kama wingu limetanda, kama mtoto ametakata. Hospitali hakwenda tena, kwa aibu ya kuwaambia watu amepoteza macho waliyompa. Alijiita mzembe mbele ya majirani nami nikisikia.

Huku kwetu juu maji ni ya shida, wanawake huteremka bondeni. Nilimkataza, akasema hatachotewa maji na wenzake maisha yake yote. Wakati wa kupanda kurudi kutoka bondeni akakosea jiwe, akaanguka na debe lake, mkono ukavunjika. Nilimkuta amekaa njiani, matope usoni, anapapasa chini kwa mkono mzima akilitafuta debe. Lilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa.

Fundi wa mifupa ameufunga mkono, lakini haujanyooka. Mjomba wake ametuma neno kwamba barabara ikikauka na malori yakianza kupita, atampeleka hospitali mkono uangaliwe na miwani nyingine iombwe. Na kwetu watoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba akijua nilichofanya na akasema warudi, watarudi wote watatu, mimi nitabaki na mikorosho.

Juzi nilikuwa namfunga upya kitambaa cha mkono. Akaniambia polepole, "Baba Asha, mtu akiiba miwani yangu ataifanyia nini? Newala nzima hakuna jicho jingine linaloifaa." Nikakaza fundo la kitambaa. Naye uso amenielekezea kama mtu anayeniona vizuri.

Sijui kama anajua. Nikiitoa miwani kwenye paa la kuku nikasema nimeiokota, ataendelea kujiona mzembe kwa kosa langu. Nikisema kweli, nitampoteza. Na wivu wenyewe bado ninao. Hata sasa ninapoandika nawaza jinsi dresa atakavyoushika ule mkono uliovunjika. Jua limeshaanza kuwaka, barabara inakauka. Nishaurini, ndugu zangu, mnikaripie mkitaka, lakini mniambie nifanye nini.