Niliyemzika kwenye Kompyuta

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Mengine nilijifunzia kwenye mkonge, na kwenye mkonge mtu hujifunza kukata na kusimulia, maana jua ni kali na siku haiishi. Nikisimulia, wenzangu walinikatiza: "Hapo umetia chumvi, mzee." Nacheka, naendelea. Ile ilikuwa haki yao, na ilikuwa kinga yangu pia, lakini hilo nilikuja kulielewa baada ya kumuua kaka yangu.

Nilimuua kwa maneno, usiogope. Ila nitasema yote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mashamba ya mkonge yameshauzwa kwa wenye pesa, sisi tumerudi kwenye majembe, na pale Korogwe kila mwenye ukuta anafungua duka. Mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi akapunguzwa kazi, akanunua kompyuta tatu kuukuu, akaziweka karibu na stendi. Zamani palepale palikuwa na duka la ushirika. Niliwahi kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri, nikafika mbele nikakuta wanauza betri. Nikanunua betri, na redio sina. Lakini hiyo ni habari nyingine. Yule mama alianzisha ukurasa wa intaneti wa habari za kwetu, wasome watoto wetu walio mbali. Mimi nakaa kando yake nasema, yeye anachapa. Hadithi zangu zilisomwa mpaka Uarabuni. Nilivimba kichwa, sikatai.

Alhamisi moja asubuhi, mkwe wetu anayekaa kwa kaka yangu alishuka na basi la kwanza kutoka Handeni akaja kwangu Kwamndolwa. Alisimama mlangoni. Nikampa kiti, hakukaa. Nikampa maji, akayatazama tu.

"Unaitwa nyumbani," akasema.

"Kaka?"

"Wewe nenda."

Akaondoka.

Kwetu anayeleta msiba hakai wala hanywi, na msiba wenyewe hautamki. Unaupokea kwa kumtazama. Wa baba niliupokea hivyo, na wa mama, na hakuna hata mmoja ulionidanganya. Nikavaa kanzu nikatoka.

Kabla ya kupanda basi nikapita kwa yule mama wa kompyuta. Kaka alikuwa na binti Uarabuni, aliyeolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe. Baba yake alikataa, na tangu hapo hakulitamka jina lake tena, mwaka wa sita huo. Nikaona mtoto apate habari. Nikasema, mama akachapa: amefariki leo alfajiri. Tanzia nikaiona iko uchi. Nikaongeza kwamba alikata roho ameelekea kibla, manyunyu yakidondoka juu ya bati, na kwamba alimtaja binti yake kwa jina, akasema amemsamehe na radhi yake yote amempa.

Vidole vya mama vikasimama. "Mzee, ulikuwepo?"

"Mimi ni ndugu yake," nikamjibu.

Akachapa.

Nilifika kwa kaka jua limesimama utosini, na vumbi la Handeni halijaona manyunyu kwa miezi. Uwanja ulikuwa kimya. Hakuna turubai wala kilio, hata mbuzi wamelala kivulini hawatafuni. Upenuni, juu ya kigoda, alikaa kaka, amejifunika shuka jeupe mpaka shingoni, amekonda, macho yameingia ndani. Alikuwa ananitazama tangu nilipotokeza njiani.

Shikamoo ikanikwama. Maiti haamkiwi.

"Siku hizi wakubwa huwasalimii?" akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo kanzu, unakwenda kuoa?"

Kumbe homa ilimshika siku tisa, akamtuma mkwe aniite, na mkwe alipoondoka tu, homa ikaachia. Nikauliza mbona mkwe hakukaa. Alikuwa anawahi gari la kurudi. Na maji?

"Leo Alhamisi," kaka akasema. "Yule hufunga."

Sikumwambia nilichofanya. Kesho yake nilirudi Korogwe, na mama akaifuta ile tanzia mbele yangu. "Ya kwangu nimeifuta," akasema, "lakini kuna mtu Dar ameinakili kwake, na wengine wameinakili kwa huyo." Akanisomea. Kibla yangu, manyunyu yangu, neno kwa neno. Kisha akasoma kwamba usiku ule bundi alilia juu ya paa mara tatu. Bundi sikumweka mimi.

Wiki iliyofuata kaka alikuja hospitali. Tulipopita sokoni, muuza nyanya aliyemjua tangu utoto aliziweka nyanya zake chini azichukue mwenyewe, hakumpa mkononi. Fundi cherehani aliacha kukanyaga mpaka tukapita. "Hawa watu wana nini?" kaka akauliza. Nikasema ni joto. Tulipofika kwangu tukamkuta mgeni, mtoto wa rafiki yetu wa zamani, ametoka Dar na kilo mbili za sukari. Kaka hakumfahamu, naye hakumfahamu kaka. Akamshika mkono kwa heshima: "Pole sana kwa msiba wa mzee."

"Asante," kaka akamjibu. Mgeni alipoondoka, akanigeukia. "Nimefiwa na nani?"

Hapo nikamwambia. Hakufoka. Kusoma hajui, akataka asomewe. Dukani, mama akafungua ile ya Dar, akasoma yote. Kaka akasikiliza kama anayesikia habari za mtu wa kijiji cha pili.

"Nilimsamehe lini?"

"Hukumsamehe. Niliongeza."

"Mpigie simu."

Simu ya duka ilikuwa inarudisha sauti, kila neno la kaka linamrudia, kana kwamba kuna mwingine amekaa humo ndani anamfuatisha.

"Mwanangu, ni baba yako."

Baba yako, simu ikasema.

Tulisikia pumzi. Kisha sauti ya binti, haitetemeki: "Baba yangu amekufa, na amenisamehe. Nimeshamsomea hitima. Wewe ni nani?"

"Ni mimi."

"Kama ni wewe, rudia uliyoyasema."

Kaka akafungua mdomo, hakutoa kitu. Simu ikakatwa.

"Ana baba mwingine humo," akasema, akiionyesha kompyuta kwa kidevu. "Mzuri kuliko mimi."

Nikamwambia mama achape, aweke na jina langu lote. Kaka yangu yu hai. Niliandika kifo nisichokiona. Kibla nilitunga, manyunyu nilitunga. Msamaha nao nilitunga.

"Huo wa mwisho utamvunja yule binti," mama akasema.

"Ndiyo ukweli."

Kaka akainua mkono. "Huo wa mwisho ngoja."

"Kaka, siandiki tena usichokisema."

"Nimesema ngoja." Akakigeukia kioo cha kompyuta. "Yule mfu amenitangulia kwa mtoto wangu. Sitaki anizidi."

Akavuta kiti karibu na kioo, akasema kwa Kizigua, jina la binti kwanza. Jina alilianza mara mbili. Mama hakijui Kizigua, nikamfasiria, na kila sentensi namgeukia kaka: "Ndivyo?" Anajibu, "Ndivyo." Hayakuwa matamu kama yangu. Alisema bado ana donge moyoni, lakini mlango uko wazi, aje na mumewe. Tukaandika kwamba ameyasema mwenyewe, mchana huo, tukiwa watatu, na chini yake namba ya duka.

Alasiri simu ikalia. Kaka hakuishika mara moja. Aliitazama kompyuta kwanza, kama mtu asiye na hakika ni nani anayeitwa, yeye au yule mfu. Kisha akaigeuzia mgongo, akanyanyua simu.

"Sema wewe," akasema. "Mimi nasikiliza."