Stendi Isiyotikisika

Stendi ile ya kamera ipo bado, imeegemea kona ya chumba ninachoandikia. Sijaifungua miguu tangu picha ya ukoo. Kuna siku naigeuzia mgongo kabisa, maana siipendi inavyonitazama.

Miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani, nilikuwa mpiga picha wa kutembea: Kilosa, Rudewa, Msowero, popote penye harusi au mfugaji aliyetaka kupigwa picha na fahali wake. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao, nzito kama kinu. Nikiifunga kwenye baiskeli, nafika kwa mteja mgongo umekufa. Nami nilikuwa nimeshapanga kuhama, kwanza Mbeya, kisha popote Mungu atakaponitupa. Mtu wa kuhama huchagua mzigo.

Mikumi, pale mabasi yanaposimama, alikuwapo mfanyabiashara aliyeuza mitumba ya vyombo: redio, pasi, saa za ukutani. Alinitandikia stendi kadhaa juu ya turubai. Moja ilikuwa nyepesi mno, nikaigusa tu ikatetemeka. Nyingine chuma tupu. Ya tatu ilikuwa ya aluminiamu. Nikaivuta miguu, nikakaza vifungo, nikaikandamiza kichwa kwa kiganja kwa nguvu zangu zote. Haikuteleza. Chini yake katikati palikuwa na ndoano ya kutundikia mfuko wa mawe, upepo ukizidi.

"Unanunua stendi au unaoa?" akaniuliza.

"Mke simbebi mgongoni," nikamjibu, nikalipa.

Haukupita muda mjomba wangu akafariki, kaka mkubwa wa mama. Kwetu jina la mtu halizikwi naye. Siku ya kumaliza tanga wazee humkalisha mpwa mmoja kwenye kigoda cha marehemu, na tangu hapo yeye ndiye marehemu. Watoto humwita baba. Nyumba, mashamba na magomvi yote huwa yake, na haondoki tena. Wapwa tulikuwa wengi na wazee walikuwa hawajaafikiana. Niliwaambia waziwazi wasinihesabu, mimi ni mtu wa njiani. Mama alinisikia.

Siku ya tanga ilipofika, wazee wakaahirisha kukalisha mtu; jua likielekea kuzama, ukoo ukataka picha. Walijipanga mbele ya nyumba ya mjomba, wakaacha nafasi tupu katikati, kando ya mjane, kwa ajili ya mrithi ambaye bado hajapatikana.

"Na wewe uingie," mama akaniambia. "Siku zote uko nyuma ya hiyo kamera."

Nikatundika mawe kwenye ndoano. Kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu, niliitega kamera ikawie kufunga jicho, nikabonyeza kitufe cha kujipiga, nikakimbia. Nilikusudia kusimama mwisho wa mstari. Huko watu walikuwa wamebanana hadi kwenye ua wa miiba, na kamera ilikuwa inahesabu. Nikajitupa kwenye nafasi pekee niliyoiona. Ikalia kabla sijatulia.

Nilipogeuka, wote walikuwa wananitazama.

Filamu niliisafishia Morogoro. Stendi ilikuwa imefanya kazi yake: kila mtu alionekana wazi, hata vifungo vya gauni la mjane. Mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa bado nakwenda, nilitoka kama moshi. Sikuwa na macho wala mdomo, na kanga ya mjane ilionekana kupitia mkononi mwangu. Yalibaki mabega tu, na mabega yangu ni ya mjomba, nimeambiwa hivyo tangu utotoni. Laiti ningenunua ile stendi iliyotetemeka, sote tungekuwa moshi na pasingekuwa na habari.

Mjane aliishika picha muda mrefu. "Amerudi," akasema. "Amejichagulia mwenyewe."

Nikaeleza habari za mwanga na mwendo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia. "Mwanangu," mzee mmoja akaniambia kwa upole, "sisi hatubishani na marehemu." Mabishano yao wenyewe yaliishia hapo.

Wakanikalisha kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshaazimia kuinuka. Nilimtafuta mama kwa macho, nikijua yeye atanitetea. Akaja, akapiga goti mbele yangu, yule aliyenizaa, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akimfanyia kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na uso wake ulijaa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikikaa kimya, nitakuwa nimemfisha kaka yake mara ya pili.

"Marahaba," nikaitika.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuniita tena mwanangu.