NGO ya Wazungu ilivyoniajiri kutafuta vyombo vya angani huko Busisi

Wakuu, heshima mbele.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kama kuna Mtanzania amewahi kuona UFO, mkamcheka mpaka akakimbia uzi wake mwenyewe. Mimi sikucheka. Hizo UFO nimewahi kuzifanyia kazi, kwa mshahara kabisa. Ninachoandika hapa nilikuwepo. Pale nisipojua nitasema sijui.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeingia. Nilikuwa karani kwenye chama cha ushirika cha pamba hapa Mwanza. Wakaja wanunuzi binafsi, chama kikayumba, tukapunguzwa. Nikawa nashinda nyumbani Mkolani, nauza mitumba ambayo hata mimi nisingeivaa.

Kipindi hicho kila kona ya mji kuna NGO. Ya samaki, ya kina mama, ya miti. Rafiki yangu akaniambia Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, kuna Mzungu anatafuta mkalimani wa Kisukuma. NGO yenyewe inahusu nini, hajui. Nikadhani ni ya sangara.

Mzungu mwenyewe aliitwa Ole. (Kabla yangu walishafika Wamasai kadhaa kuomba kazi, wakiamini ni ndugu yao.) Alikuwa mhandisi mstaafu, mrefu, mpole, shati kafunga vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile na harufu ile ya dagaa.

Interview ilikuwa swali moja tu. Umewahi kuona kitu angani ambacho huwezi kukieleza?

Nikamwambia hapana.

Akanipa mkono, kazi nimepata. Baadaye alinieleza kwamba wenzangu wote walijibu ndiyo, na mmoja alisema anacho nyumbani.

Najua mtauliza hela ilitoka wapi. Huko kwao kulikuwa na chama cha wastaafu: walimu, wahandisi, manesi. Wanachanga, wanauza keki, wanachezesha bahati nasibu, halafu wanasaidia watafiti nchi mbalimbali. Mmoja wao aliwahi kuwa nesi wa misheni huku kwetu, akaona kitu juu ya ziwa. Alipofariki aliwaachia urithi wake, kwa sharti kwamba utumike Mwanza.

Urithi huo ndio ulinunua vifaa na mafuta ya Land Rover, na ndio ulinilipa mimi. Pia ulihudumia mashahidi: wali nyama na soda siku ya kutoa ushahidi, ili mtu asipoteze siku ya shamba bure.

Mjini hakuna aliyetuamini. Watu walijua kabisa ni dhahabu. Ole alikuwa na mashine ya kupima sumaku ya ardhi, na popote alipoiweka, tukiondoka tu watu wanachimba. Tukirudi tunakuta shimo. Ole anafurahi, anadhani kuna kitu kilitua, anapima shimo. Nilimweleza ukweli siku ya kwanza ile ile. Akasema inawezekana, ila mtafiti haachi uwezekano wowote. Na kwa kuwa amepima mara ya pili, tukiondoka shimo linaongezwa kina.

Nisiwachoshe. Siku moja tukapanda kivuko pale Kigongo, tukavuka Busisi, tukaenda kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Ole akasimama, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amewahi kuona kitu cha duara, bapa, kinachoruka bila mabawa.

Nikatafsiri kwa Kisukuma, neno kwa neno. Nilipomaliza sentensi ndipo nikagundua nimesema nini.

Wakuu, kitu cha duara, bapa, kinachoruka, kwetu kina jina. Ni ungo. Na anayepanda ungo mnamjua.

Mkutano ukanyamaza. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, vyote upande mmoja, kumwangalia mwanamke aliyekaa peke yake na khanga mabegani. Ole akaninong'oneza kwamba ukimya wa namna hiyo ni dalili nzuri sana kitaalamu.

Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Huyu mgeni wako anatafuta wachawi?"

Nikaapa kwamba hapana. Akashusha pumzi, akanieleza. Yule mwanamke ni Mayu Kabula, mjane. (Mayu ni mama kwa Kisukuma.) Msimu uliopita, mchana kweupe, akiwa anavuna pamba, aliona kitu kinaning'inia juu ya shamba lake. Akakimbilia kijijini kusimulia. Hakuna mwingine aliyekiona. Muda si mrefu ng'ombe wa shemeji yake wakaanza kufa, na shemeji akatangaza kwamba kile kitu ni ungo wa Kabula mwenyewe. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walishaanza kumjadili.

Mnaoijua Usukuma ya miaka ile mnajua mijadala hiyo ilikuwa inaishia wapi. Kina mama wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni walikatwa mapanga kwa kidogo kuliko hicho.

Mwenyekiti hakutaka damu kijijini kwake. Alikuwa amekosa njia tu.

"Hao wanaoona mnawaita nani?" akauliza.

"Mashahidi."

"Na mnawafanya nini?"

Nikamwambia tunawasikiliza, na wanapata wali nyama na soda. Akatazama chini kidogo. Halafu akarudi mbele ya mkutano, akakohoa, akasema sasa ndiyo anakumbuka, hata yeye amekiona.

Wakuu, baada ya hapo ilikuwa mafuriko.

Tulipofungua meza ya ushahidi, foleni ilizunguka ghala la pamba. Mmoja alisema chombo kilitua kikauliza njia ya Geita. Mwingine alisema wale wageni walishuka wakaangalia shamba lake la mihogo, wakashauri apalilie. Kijana mmoja alikiona kimeandikwa namba za usajili za Mwanza. Mzee mwingine alisema walimwamkia shikamoo, akawajibu marahaba, wakaondoka. Ole akaniagiza niulize kama walimwamkia yeye peke yake au na mkewe. Na mkewe. Ole akasema hiyo ina maana wanatambua umri wa binadamu, jambo ambalo halijawahi kuripotiwa popote.

Mimi natafsiri tu. Uso mkavu.

Mwisho akaja shemeji mtu. Ndiyo, yule yule. Alisikia harufu ya nyama siku kadhaa, uvumilivu ukamshinda. Alisimulia vizuri kuliko wote, na mikono juu. Akala, akafunga mfupa kwenye jani akaenda nao.

Hapo ndipo kesi ya Mayu Kabula ilipokufa. Ungo wa mtu mmoja utaonwaje na kijiji kizima? Na mshtaki mwenyewe kashasema aliona, tena kaona madirisha. Sungusungu wakahamia kwenye wezi wa baiskeli.

Mayu Kabula alikuja siku ya mwisho, wengine wameshaondoka. Soda hakutaka. Alisema kwa kifupi. Kitu kile kilikaa juu ya pamba kama kimetundikwa. Ng'ombe wote malishoni waliacha kula wakakigeukia. Kisha hakikuwepo.

"Kile kitu sikukiogopa," alisema. "Niliogopa niliporudi nyumbani."

Ole aliweka kalamu chini. Akaniambia, huyu ameona.

Tatizo likaanzia headquarters. Ripoti zetu zilikuwa nyingi kuliko za nchi nyingine zote kwa pamoja, kwa hiyo bodi ikamtuma mtu aje kukagua. Alikuwa Madam Inga, mwalimu mstaafu wa hisabati, nywele fupi, macho ya kusahihisha mitihani. Alikaa Kirumba akasoma kila kitu, kisha akamwambia Ole mbele yangu kwamba ushahidi wote ni takataka isipokuwa mmoja. Wa Kabula.

Ole hakubisha.

Madam akaamua twende kijijini, aite mkutano, awaambie watu kwa heshima kwamba wamedanganya, na ampongeze hadharani yule mama mmoja mkweli. Kwao hiyo ndiyo haki.

Tulikuwa kwenye kivuko, katikati ya maji, aliponieleza nitakachotafsiri. Nikamwambia Madam, naomba unisikilize kwanza. Nikamweleza ungo ni nini. Nikamweleza shemeji, ng'ombe, sungusungu, mapanga. Nikamwambia ukimtoa yule mama katikati ya waongo ukamsimamisha peke yake, wewe utapanda ndege, yeye atabaki.

Ole alikuwa anaangalia maji. Kivuko kikagusa Busisi, watu wakashuka, Madam bado kakaa.

Mkutano ulijaa. Madam Inga akasimama na karatasi zake mkononi, akazitazama, akazikunja akazitia kwenye mkoba. Akasema amesoma maneno ya kila mmoja na anawashukuru.

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa jino, "Leo asubuhi, nikiwa kwenye kivuko, na mimi nimekiona."

Nilimgeukia Ole. Ole alikuwa amefumba macho. Nikatafsiri. Kijiji kikapiga makofi na vigelegele, mwenyekiti akampa kuku.

Tukiwa tunaondoka, Mayu Kabula akaja mpaka dirishani mwa gari. Akamshika Madam mkono, hauachii.

"Mwulize," akaniambia, "chake kilikuwa na sauti?"

Nikauliza. Madam alimtazama yule mama kwa muda. Akanijibu taratibu, "Mwambie hapana. Kilikuwa kimya kabisa."

Mayu Kabula akatikisa kichwa kukubali. "Basi ndicho hicho," akasema, akaachia mkono.

Ripoti aliyoandika Madam kwa bodi ilikuwa ya ukweli mtupu: ushahidi hauaminiki, ukaguzi umeharibiwa na mkaguzi mwenyewe, project ifungwe. Ikafungwa. Ole akarudi kwao, mimi nikarudi kwenye mitumba. Sikuumia kama nilivyodhani.

Mayu Kabula aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalima pamba yake, akaozesha mabinti. Nilipata habari za msiba wake nikaenda. Shemeji ndiye aliyekuwa anapokea wageni.

Nilichojifunza: kuona kitu peke yako ni hatari kuliko kitu chenyewe. Mtu akikwambia ameona jambo, usimkimbilie na kicheko. Kaa naye kwanza. Hujui huko nyumbani kwake wanamngojea na nini.

Kama kuna mtu wa ng'ambo ya Busisi mwenye simulizi za miaka ile, karibu hapo chini. Na yule mdau mliyemcheka juzi, kama unasoma, rudi mkuu. Andika ulichoona.