Meno ya Lidwina na Mashine ya Bwana Chande

Kila asubuhi meneja Chande alimwamkia Lidwina Ngonyani shikamoo, kwa adabu kabisa, macho yake yakiwa kwenye mifuko ya aproni ya huyo mama. Lidwina aliitikia marahaba huku naye akimtazama mikono. Ndivyo siku zilivyoanza pale ghalani tangu mwanzo wa Julai, na mpita njia angedhani ni mama na mwanawe wanaopendana.

Lidwina ni mjane wa miaka hamsini na miwili, mkazi wa Mjimwema, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Kwa miaka kumi na minne amekuwa mpimaji kwenye ghala moja la kununulia mahindi, nje kidogo ya Songea mjini. Kazi yenyewe ukiitazama utaiona ndogo. Gari la mkulima linaingia, yeye anachukua bambo, ule mwiba mnene wa chuma wenye mfereji katikati, anachoma gunia ubavuni, punje zinamwagikia kiganjani. Moja anaitupa mdomoni, anaivunja kwa jino la nyuma, anaitema. Ikilia ka! ni kavu. Ikibonyea, bado ina maji. Halafu ndipo anazitia nyingine kwenye mashine ya kupimia unyevu, na miaka yote mashine ilikuwa ikisema yale yale yaliyosemwa na jino. Kumi na tatu na nusu kwenda chini, pokea. Ikizidi hapo, rudi nyumbani ukaanike.

Wakulima walimzoea. "Tafuna vizuri, mama, hilo ni jasho langu," walimtania.

"Jasho lako nalisikia humu mdomoni," aliwajibu, "bado halijakauka."

Bwana Chande alikuja kutoka Tunduru, kijana wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Nalasi, aliyekulia kwenye mikorosho na kufanya kazi maghala ya korosho. Siku yake ya kwanza tu aliichukua mashine. "Hii nitaisoma mwenyewe," alisema, na tangu siku hiyo akawa anasimama hatua tatu kutoka kwenye gunia, kioo cha mashine kimeelekea kifua chake, anatangaza namba kama mwamuzi wa mpira.

Siku ya tatu wakagongana. Lidwina alivunja punje ya mkulima mmoja akatikisa kichwa. "Mabichi haya."

"Kumi na mbili na nukta nane," alisema meneja. "Makavu."

"Bwana meneja, labda pima tena."

Akapima tena. "Kumi na mbili na nukta tisa. Mama Ngonyani, na hiyo punje unaitema upande gani?"

"Upande?"

"Yule wa Fuso ulitemea kushoto. Huyu umetemea kulia."

"Baba, natemea pale pasipo na mguu wa mtu."

Makuli waliokuwa wamebeba magunia walicheka. Meneja hakucheka. Alitoa kidaftari mfuko wa shati akaandika.

Wiki nzima ikawa hivyo. Jino lasema bichi, mashine yasema kavu. Wakulima waliorudishwa walianza kunung'unika, na meneja akaunganisha mambo kichwani mwake: huyu mama anakataa mahindi mazuri kwa makusudi, ili mkulima amfuate pembeni wazungumze. Na Lidwina naye akaunganisha ya kwake: huyu kijana anasoma namba za uongo. Kama si za uongo, mbona haonyeshi kioo?

Wiki ya pili meneja alipiga marufuku meno. "Kuanzia leo mashine peke yake. Mashine haina shemeji."

Neno hilo lilimchoma Lidwina, kwa sababu yeye shemeji anaye. Anaitwa Saimon, mume wa mdogo wake, na huleta mahindi pale pale kila mwaka. Meneja kajuaje? Lidwina alikumbuka kumtajia habari za Saimon mtu mmoja tu, Leonce, karani wa mizani, aliyefanya naye kazi miaka kumi na moja. Tena alikwisha kumwona Leonce akitoka ofisini kwa meneja mara mbili, kainamisha kichwa, anafunga mlango taratibu.

Basi. Kesho yake saa nne, wakati wa chai, alichukua kikombe chake akaenda kukaa upande wa pili wa ghala.

"Dada Lidwina, mihogo inapoa huku," Leonce aliita.

"Kula tu. Mwambie na bosi wako akusaidie."

Leonce aliinua uso, akataka kusema kitu, akanyamaza. Yule mama aliuona ukimya huo kama kukiri. Kwa wiki tatu hakumsemesha isipokuwa "lete," "shika" na "tayari."

Huku nyuma magunia yaliendelea kuingia. Lidwina alichoma kwa bambo na kumkabidhi meneja punje mikononi, akibakiza moja chini ya ulimi kama pipi. Nyingi zilibonyea alipoziuma kwa siri. Aliyahesabu moyoni magunia mabichi yaliyopokelewa, yakafika kama mia tatu. Siku moja alipitisha mkono katikati ya lundo, akauchomoa haraka. Ndani kulikuwa na joto kama la mkate unaoumuka.

Jumatano ya mwisho wa mwezi meneja alimwita ofisini. Mezani palikuwa na barua.

"Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka makao makuu," alisema. "Nitamkabidhi hii. Nimeandika kwamba unakataa mahindi mazuri kwa maslahi yako, na kwamba uondolewe kazini. Una la kujitetea?"

"Ninalo. Mimi si mwizi."

"Kila mtu husema hivyo. Njoo hapa, nikuonyeshe kwa macho yako." Alichukua punje kutoka gunia ambalo Lidwina alikuwa amelitikisia kichwa asubuhi, akazitia kwenye mashine, akabonyeza, akamgeuzia kioo kwa mara ya kwanza tangu afike. "Soma. Soma kwa sauti."

Lidwina alivaa miwani. Katikati ya kioo palikuwa na kumi na mbili na nukta saba. Lakini juu, pembeni, palikuwa na namba nyingine ndogo. Mashine ile hupima mazao ya aina nyingi, na kila zao lina namba yake. Mahindi ni tatu, na kwa miaka kumi na minne yeye hajapata kuona namba nyingine pale juu. Sasa palikuwa na saba. Saba ni soya, na mahindi yakipimwa kwa soya namba hushuka.

Aliisoma mara mbili.

"Umekosa neno?" aliuliza meneja.

"Nimesoma," alijibu Lidwina, akavua miwani, akatoka.

Nje alikutana na Remmy, kiongozi wa makuli, ambaye masikio yake hayajawahi kupitwa na jambo. Lidwina alimweleza yote. Remmy alipiga kofi la furaha. "Mama mkubwa, funga mdomo mpaka Ijumaa! Mkaguzi akishashika ile barua, wewe unasema tu, naomba kioo. Huyu bwana ataondoka hapa kwa miguu mpaka Tunduru!"

Lidwina alicheka, na kusema kweli kicheko kile kilimshuka vizuri. Alitembea kwenda Mjimwema akiipanga Ijumaa kichwani kama anapanga sherehe: atasimama wapi, ataomba kioo kwa sauti gani. Alipofika karibu na nyumbani akaanza kuyasikia tena yale mahindi mkononi, ule uvuguvugu. Siku mbili zaidi ni siku mbili za ukungu. Mahindi yale wangeuziwa watu wenye watoto. Tena akamwona Chande kasimama mbele ya makuli, kioo mkononi, anaambiwa asome kwa sauti. Yeye alikuwa ameambiwa hivyo siku ile ile, na alijua inavyokaa kifuani.

Alhamisi alifika kabla ya wote, akabisha hodi ofisini.

"Shikamoo mama," alisema Chande, macho kwenye aproni.

"Marahaba. Bwana meneja, mashine yako iko kwenye soya."

Kijana aliinuka. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Leo ndiyo unasema, kesho mkaguzi anafika! Nibadilishe mashine, akute nimeichezea, si ndiyo?"

"Usibadilishe basi. Usiiguse kabisa. Tupime kwa chumvi."

"Chumvi?"

Lidwina akamweleza wanavyofanya wakulima wasio na mashine. Unatia mahindi kwenye chupa kavu, unatia na chumvi kavu, unatikisa, unaacha robo saa. Mahindi yakiwa na maji, chumvi inanata kwenye kioo. Yakiwa makavu, inabaki huru.

Meneja alifikiri. "Chumvi nitanunua mimi."

"Nunua."

"Na chupa nitatafuta mimi."

"Tafuta mbili. Ila magunia nitachagua mimi."

"Moja utachagua wewe, moja mimi."

Basi akavuka barabara kwenda dukani, akarudi na pakiti ya chumvi isiyofunguliwa na chupa mbili, akazifuta ndani kwa leso yake hadi zikalia. Lidwina alileta mahindi kutoka kwenye lundo lile lenye joto. Meneja alileta ya kwake kutoka magunia ya zamani, ya kabla hajafika yeye, yaliyopimwa kwa meno. Wakatikisa, kila mmoja ya kwake. Wakaziweka mezani, wakakaa wakitazamana, na hakuna aliyekubali mwenzake ainuke hata kufunga dirisha.

Robo saa ni ndefu ukiwa huna la kusema. Chande ndiye aliyeshindwa.

"Mama, wewe huogopi kuweka zao mdomoni?"

"Niogope nini? Ni mahindi."

"Kwetu huwezi. Korosho mbichi ganda lake lina mafuta yanayounguza. Nilikuwa na miaka sita, nikaijaribu kwa jino." Alivuta mdomo wa chini, akamwonyesha kovu jeupe. "Tangu hapo nikimwona mtu anatafuna zao gunia likiwa limefunguliwa, najua hapo kuna mchezo. Kule nilikotoka wapimaji wangu walikuwa na ishara zao. Kukohoa, kupiga gunia mara mbili. Walipokamatwa niliondolewa pamoja nao, na wallahi sikujua kitu."

"Ndiyo maana ulikuwa unahesabu mate yangu."

"Yamejaa kurasa nne," alisema Chande, na kwa bahati mbaya akacheka.

Walitazama chupa. Ile ya magunia ya zamani, chumvi ilimwagika chini huru kama mchanga. Ile ya lundo jipya, kioo kizima kilikuwa cheupe, chumvi imeng'ang'ania hadi shingoni. Chande aliigeuza, akaigonga. Haikuanguka.

Aliichukua mashine, akatazama ile namba ndogo muda mrefu. "Siku ya kwanza," alisema taratibu. "Jirani yangu aliniletea soya yake nimpimie. Nikabadilisha. Laa ilaha illa Allah. Sikurudisha." Kisha akamkazia macho. "Umejua tangu lini?"

"Tangu jana, uliponiambia nisome kwa sauti."

"Mbona hukungoja kesho?"

"Nilitaka. Nilishapanga hadi pa kusimama." "Lakini yale mahindi yanaoza, baba. Na mimi jana niliona ilivyo kuaibishwa."

Chande aliinamisha kichwa. Lidwina angeweza kuondoka hapo, ila kulikuwa na jambo bado linamkereketa. "Nami nikuulize. Habari za shemeji yangu Saimon alikuletea Leonce?"

"Leonce?" Meneja alishangaa. "Habari hizo ulizitangaza mwenyewe pale mizani, siku nafika, kila mtu anasikia. Niliziandika. Leonce alikuja hapa mara mbili kunisihi nisiandike barua. Mara ya pili nilimfukuza."

Lidwina alitoka akatembea moja kwa moja hadi mizani.

"Leonce, nimekukosea."

"Najua," alisema karani bila kuinua macho. "Wiki tatu. Mke wangu ananiuliza dada yako mzima? Nashindwa nimjibu nini."

"Mwambie ni mjinga."

"Nimeshamwambia." Akatengeneza jiwe la mizani ambalo halikuwa na kasoro. "Bado nina hasira, dada. Usinisemeshe sana leo."

"Sawa," alisema Lidwina, akabaki amesimama pale pale hadi gari la kwanza lilipoingia.

Ijumaa mkaguzi alipofika alikuta maturubai yametandazwa uwanja mzima, mahindi ya magunia mia tatu juani, na meneja amekunja suruali, anayageuza kwa reki. Chande alimweleza yote mbele ya makuli, hakupunguza. Mkaguzi, mtu mzima mkavu asiyetabasamu, alimtazama yeye, akamtazama Lidwina.

"Mmekubaliana kusema hivi?"

"Bado hatujakubaliana lolote," alisema Lidwina.

Chande alitia mkono mfukoni, akatoa ile barua, akamkabidhi mkaguzi. Kumbe hakuichana! Lidwina alimtazama Remmy, na macho ya Remmy yalisema wazi, si nilikwambia?

"Niliiandika mwenyewe," alisema Chande. "Sikuona haki kuificha."

Mkaguzi aliisoma hadi mwisho. "Wewe utapata onyo la maandishi," alimwambia meneja. Kisha akamgeukia Lidwina, akainua karatasi. "Mama, hii nikuchanie?"

Kila mtu alingoja aseme ndiyo. Lidwina aliifikiria ile barua ikiwa vipande vipande, na watu mtaani wakiulizana ilikuwa na nini hata ikachanwa.

"Hapana," alisema. "Ikae kwenye faili langu. Ila aandike chini yake, kwa mkono wake, kwamba si kweli. Aweke na tarehe."

Mkaguzi alimpa Chande kalamu. Kijana aliilaza barua juu ya gunia, mikono imejaa vumbi la mahindi.

"Niandikeje, mama?"

"Andika ulichokiona kwenye chupa," alisema Lidwina, akaja kusimama begani kwake, akavaa miwani, akasoma kila neno lilivyotoka.