Mama Jeli na Wivu wa Chumba cha Pili

Foleni imeshajipanga ukutani kabla mlango haujafunguliwa. Ndani, mwanamke mwenye koti jeupe anaipasha moto chupa ya jeli viganjani, ili tumbo la mgonjwa wa kwanza lisishtuke. Wenzake wanamwita Mama Jeli.

Anapiga picha za ultrasaundi kwenye chumba ambacho feni yake ina kelele kuliko upepo. Ng'ambo ya korido kuna chumba cha pili, cha mashine ya CT inayopiga picha za ndani ya mwili kwa undani zaidi: kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, mlango unaojifunga wenyewe. Humo anakaa shoga yake waliyesoma naye chuo kimoja.

"Nisikudanganye, roho inaniuma," anasema. "Tulifanya usaili pamoja, akachukuliwa yeye. Kila ule mlango ukijifunga, nahisi unanisonya."

Wivu huo ulimkaba zaidi siku alipoletwa fundi cherehani mmoja, amejikunja kwa maumivu ya tumbo la juu yaliyopenya hadi mgongoni. Alikuwa amezoea kumeza dawa za vidonda vya tumbo, akidhani ndivyo vinavyomsumbua. Vipimo vya damu vilionyesha kongosho lina hitilafu; daktari alitaka kujua chanzo.

Mama Jeli aliona vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Mrija wa nyongo nao ulikuwa umetanuka, dalili kwamba kijiwe kimoja kimeteleza na kuziba njia ambayo kongosho nalo huitumia. Lakini kongosho lenyewe lilifichwa na gesi ya tumbo, na mgonjwa alizidi kulegea.

"Nikajua lazima nikabishe kule. Nikawaza, vijiwe nimeviona mimi, sifa atabeba yeye."

"Dada, nakufa," fundi alinong'ona.

Mama Jeli akakisukuma kitanda mwenyewe.

"Shoga, nisaidie. Vijiwe nimevipata, kongosho silioni."

"Mlete, mlaze hapa," mwenzake alijibu, tayari amesimama.

Picha ya CT ilionyesha kongosho limevimba, majimaji yameanza kulizunguka. Fundi aliwekwa chini ya uangalizi wa karibu. Kijiwe kilitolewa kwa mpira wenye kamera uliopitishwa mdomoni, na alipopata nafuu akapasuliwa kuondoa mfuko wa nyongo. Leo amerudi kwenye cherehani yake.

Alileta gauni la shukrani. Alilipeleka chumba cha pili.

"Na lilimkaa huyo!" Mama Jeli anaguna. "Siku nzima sikumsemesha."

Jioni shoga yake ndiye aliyemfuata, akamwambia kuna nafasi ya mafunzo ya CT, aombe. Aliomba, na anasubiri mtihani wa kujiunga. Mchana, wagonjwa wakipungua, huvuka korido kwenda kufundishwa.

"Nataka siku moja mgonjwa kama yule nimwone huku, nimmalizie kule," anasema, akifuta jeli mikononi. Kisha anashusha sauti. "Halafu anafundisha vizuri, yule mwanamke. Hilo nalo linaniuma."